Njegere Zetu Tumboni mwa Ndege

Jumanne, 11 Machi

Maboksi tisini na mawili ya njegere. Lori la baridi limeondoka saa mbili kasorobo, limechelewa kwa sababu ya utelezi. Nimesaini karatasi, nimefunga banda la kufungashia, nimerudi nyumbani kula kiporo cha viazi. Mvua tangu juzi.

Saa kumi na moja jioni ndege imepita. Sikuiona, mawingu yamekaa juu ya mapaa. Nimeisikia tu. Inatoka Dar, inapita juu yetu, inashuka uwanja wa Kilimanjaro kuchukua watu na mizigo, kisha haigusi ardhi tena mpaka Ulaya. Jumanne, Alhamisi, Jumamosi. Nilifundisha jiografia miaka thelathini na moja, ramani ya dunia nimeichora ubaoni mara sijui ngapi, na bado mlio ule unanisimamisha na sufuria mkononi. Njegere zetu za hapa Gare, zile za kuliwa na ganda lake, keshokutwa ziko mezani kwa watu wasiojua Gare ni mji au ni ugonjwa. Sijazoea. Sitaki kuzoea.

Jumatano, 12 Machi

Mushi amekuja kututembelea. Ndiye wakala anayetupokelea mzigo uwanjani. Amekaa bandani saa mbili nzima na mimi nikimuuliza maswali kama mtoto wa darasa la tano.

Nilidhani ndege ikijaa watu basi imelipa. Kumbe! Kuna viti vipana vya mbele, na wachache wanaokaa kule ndio wanaobeba sehemu kubwa ya gharama. Tena haitoshi kujaa kwenda, lazima ijae na kurudi. Nikamuuliza kama kweli kuna watu wengi hivyo wanaotaka kwenda ule mji inakotua. Akacheka. Wengi hawaendi pale, wanashuka na kupanda nyingine. Hapo nikaelewa mara moja. Ni Mombo! Basi la Arusha likisimama Mombo halisimami kwa ajili ya Mombo peke yake, linasimama kwa sababu barabara ya kuja huku kwetu milimani inaanzia pale. Huko Ulaya kuna Mombo moja kubwa ajabu, yenye barabara mia angani.

Na joto. Hewa ya moto ni nyepesi, ndege inashindwa kunyanyuka na mzigo wake wote, ndiyo maana inasubiri jua lipungue. Kwa hiyo hata jua la Kilimanjaro lina kura yake. Nimeshangaa hadi nikasahau kumkaribisha chai.

Kisha akasema lililomleta. Masika watalii hakuna, viti vinabaki wazi, na miaka yote ndege hii ilikuwa inapumzika. Mwaka huu kampuni inajaribu kuruka masika nzima, ikitegemea mizigo ya tumboni. Mwisho wa Mei wataamua. Ikipumzika tena, mnunuzi wetu ataondoka moja kwa moja, maana anataka njegere kila wiki ya mwaka, si wiki za watalii.

Wanawake thelathini waling'oa kabichi kwa sababu mimi niliwaambia wang'oe, wapande njegere. Nyumba kwa nyumba, kwa mdomo wangu huu. Naogopa.

Jumatano, 26 Machi

Kuna msiba huko Mlalo, binamu wa marehemu mume wangu. Haukwepeki. Nimewaachia akina mama banda, na mama mkwe wangu, Bibi Salome, akaenda kukaa nao. Ana miaka sabini na tisa na hawezi kuona watu wanafanya kazi naye amekaa tu.

Nimerudi jioni. Kila kitu kimefungwa na kupangwa chumba cha baridi. Sakafu ina maji. Wamepiga deki, Mungu awabariki.

Alhamisi, 27 Machi

Mushi amepiga simu saa tisa na nusu. Yamekataliwa yote. Maboksi themanini na nane. Maji ndani, njegere zinateleza, nyingine zimeanza kunuka.

Saa kumi na moja imepita juu yetu kama kawaida. Inaenda kuchukua mzigo ambao haupo. Nimeingia ndani nikafunga mlango.

Ijumaa, 28 Machi

Nimejua. Bibi Salome aliona matope kwenye maganda. Huku kwetu hakuna mwanamke anayepeleka mboga sokoni na matope. Karoti tunaziosha kijitoni mpaka zing'ae, na anayeleta chafu anasemwa mpaka aolewe mjukuu wake. Bibi akauliza, "Chakula cha mgeni mnakipeleka hivi? Mnataka aaibike nani?" Akaagiza ndoo.

Sheria wote wanaijua. Nimeiandika ukutani kwa mkono wangu: MAJI MARUFUKU. Hakuna aliyefungua mdomo. Nani ambishie Bibi Salome? Wameosha njegere huku wanajua wanaharibu, kwa heshima na adabu zote.

Nina hasira, na hasira yenyewe haina pa kwenda. Jioni nimempelekea maziwa yake. Shikamoo, Mama. Marahaba, mwanangu. Nikaondoka.

Jumapili, 30 Machi

Baada ya ibada Bibi kaniuliza kama mzigo ulifika salama. Nimesema tutazungumza. Nimekuwa mwoga. Lakini nikimwambia kwa maneno ataomba radhi na hataelewa anaomba radhi kwa lipi. Mimi mwenyewe nilihitaji saa mbili za Mushi. Nitampeleka akaone.

Jumatano, 9 Aprili

Naandika nikiwa gesti, Boma Ng'ombe, karibu na uwanja wa ndege. Bibi bado amelala.

Jana tulikaa mbele ya lori, dereva, yeye na mimi. Tulipofika Mazinde, chini kwenye joto, alivua sweta, akageuka kuitazama milima yetu mpaka ikafichwa na mawingu. Miaka mingi hajashuka. Uwanjani Mushi alitupa vizibao vya njano vinavyomeremeta. Bibi akavaa chake juu ya khanga na hakucheka, nami sikuthubutu.

Ndege ikatua. Nilikuwa nimejiandaa kwa ukubwa wake. Sikujiandaa vya kutosha. Ilipogeuka kuja kwetu nilirudi nyuma hatua mbili bila kujua. Wakafungua mlango wa tumboni, na tumbo lile ni refu kuliko kanisa letu. Waridi za Arusha zikaingia, kisha maboksi yetu. Niliyatambua kwa mwandiko wangu. Juu, ngazini, abiria walipanda wachache tu, nikawahesabu bila kutaka.

Mushi akatuonyesha karatasi. Kila uzito umeandikwa umekaa wapi, maana ndege inapimwa kama mizani, mbele na nyuma. Rubani anaisoma na kutia saini ndipo anaondoka. Mstari mmoja ni wetu. Mtu atakayelivusha dume lile jangwa lote la Sahara ametia saini njegere za Gare! Machozi yalinitoka. Siwezi kueleza vizuri zaidi ya hapo. Kitu kikubwa vile kimesimama juu ya vitu vidogo vidogo, na tukitoka sisi, na akitoka mzee mmoja wa kiti cha mbele, na wakikosekana wa kushukia kule wapande nyingine, hakiji tena.

Mushi hakujua lolote la mama mkwe wangu. Akanyoosha kidole tumboni mle akasema, "Mzigo wenu ulipokataliwa siku ile, nafasi ile ilikwenda tupu mpaka Ulaya."

Bibi akaitazama ile nafasi. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Maji?"

Nikasema, "Ndiyo, Mama."

Ndege ikaondoka jua likizama, ardhi ikatetemeka chini ya viatu vyetu. Alinishika mkono na hakuuachia mpaka mlio ulipoisha.

Alhamisi, 24 Aprili

Bibi Salome sasa anafika bandani kabla yangu. Jana pia. Anakuja na rundo la khanga kuukuu alizozikausha juu ya jiko. Ganda lenye tope linafutwa kavu, moja moja, mbele ya macho yake. Ndoo haivuki kizingiti. Jana amemtoa nje mama mmoja kwa sababu mikono ya sweta lake ililowa mvua. Yule mama kanitazama nimtetee. Nimejifanya nasoma mizani.

Maboksi mia moja na manne leo. Hatujawahi.

Jumamosi, 17 Mei

Mvua haikatiki. Barabara ya Mombo imemeguka sehemu moja, lori limepita kwa kubembelezwa. Mushi anasema tumbo limejaa wiki nne mfululizo. Viti hapana. Sisi sehemu yetu tumefanya, na inauma kujua kwamba sehemu yetu si yote. Siwezi kwenda kukaa kiti cha mbele kwa niaba ya mtu.

Akina mama hawaniulizi kitu. Ni afadhali wangeuliza.

Ijumaa, 30 Mei

Imebaki.

Mushi amepiga saa nne asubuhi. Itaruka, na masika ijayo itaruka. Ila siku mbili, Jumanne na Jumamosi. Alhamisi imeondolewa, kwa sababu Alhamisi viti vya mbele vilikuwa vinaruka wazi, na tumbo peke yake halibebi ndege. Mnunuzi amekubali siku mbili. Hatung'oi kitu.

Nimekaa chini juu ya kreti. Wameimba bandani, nami nimeimba, vibaya kama kawaida yangu. Bibi Salome hakuimba. Aliuliza tu ni siku gani iliyoondolewa.

Jumanne, 3 Juni

Nimeiona! Mawingu yamefunguka saa kumi na moja kamili. Nyeupe, ndogo, imetulia, inaenda Kilimanjaro. Miezi mitatu hapa nyumbani nilikuwa naisikia tu. Nimesimama uani mpaka shingo ikauma.

Alhamisi, 12 Juni

Anga safi, baridi ya kukaza meno. Leo hakuna lori. Tulikuwa uani, Bibi na mimi, tunachambua mboga na magimbi ya jioni. Saa kumi na moja akaacha mikono, akatazama juu. Nikatazama naye. Hakuna kitu. Mlio wa mbuzi wa jirani, basi.

Akauliza bila kunitazama, "Ile Alhamisi, mwanangu. Ni maji yangu yaliyoiondoa?"

Kumbe wiki mbili amekaa nalo. Nimemwambia kweli yote, kwamba maboksi yetu hayakuwa sababu, kwamba viti vipana vya mbele vilikosa watu.

Akasema, "Basi na wao wenye viti wajifunze kufungasha."

Akavuta beseni karibu, tukaendelea na mboga. Tope la magimbi lilikuwa limemganda vidoleni. Akajifuta kwa khanga, kidole kimoja kimoja, mpaka vikakauka.