Gari Linasimama Penye Misioni

Butembo

Mama yangu mpenzi,

Tumsifu Yesu Kristu. Nakusalimu sana, wewe na wote walio hapo Alimbongo. Goti lako linaendeleaje na baridi hii? Na mbuzi yule mkorofi, ameacha kula kabichi za jirani? Sisi hapa tuko salama, Edmond anakusalimu, na viazi ulivyotuma vilifika bila kuoza hata kimoja. Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu simu yako unaiweka sauti kubwa, na haya si ya kusikiwa na mtaa mzima.

Ulisikia kwamba niliugua, na kwamba mume wangu Edmond alitaka niache njia ya Beni. Ni kweli. Nilikaribia kuipoteza biashara yangu ya viazi, na bila njia ile unajua mimi ni mtu wa kukaa na kununa. Ngoja nikueleze ilivyokuwa.

Nilipoanza kupakia viazi ulinifundisha: "Mwanamuke wa njia anakunywaka akisha fika." Nililishika neno hilo kama katekisimu. Siku ya kwenda Beni sikugusa maji tangu kuamka. Njiani hakuna dereva anayetaka kusimama ovyo, kwa hofu ya wenye silaha, na choo cha sokoni kina kufuli kubwa kuliko la duka. Tukiwa juu ya magunia, aliyeomba gari lisimame tulimwita mtungi unaovuja. Jina hilo nililitunga mimi, Mama, na nilicheka kuliko wote.

Kisha mkojo ukaanza kuniunguza kama pilipili. Kila mara nataka kwenda, nikienda ni matone tu. Berthe, ninayeuza naye, akaninunulia vidonge kwa muuza dawa wa kutembeza. Maumivu yakapungua, nikaviacha, nikapanda gari. Yaliporudi yalikuja na homa, kutapika, na mgongo kuuma chini ya mbavu. Majirani wakanong'ona kwamba huo ni ugonjwa wa uzinzi, na Edmond akaanza kunitazama vibaya.

Muuguzi wa kituo cha afya, Élise, alinipa kikopo nikojolee, akapima, wakanilaza kwa serumu ya mshipani na sindano. Edmond alipouliza nimeambukizwa na nani, Élise alimjibu polepole: "Hii hapana ugonjwa ya bwana ao ya jirani. Ni mukojo yenye anafungaka siku muzima." Alitueleza kwamba vijidudu vya choo kikubwa huingia kwenye njia ya mkojo, na ya mwanamke ni fupi. Tukinywa maji na kukojoa mara kwa mara tunavisukuma nje. Tukijizuia vinapata nafasi ya kuzaana, na visipotibiwa vinapanda hadi kwenye figo. Tujipanguse kutoka mbele kwenda nyuma. Dawa tusijinunulie kwa kubahatisha, na tulizoandikiwa tuzimalize hata maumivu yakiisha. Edmond aliniomba msamaha palepale, ila akasema mambo ya njia basi.

Hapo damu ya Alimbongo ilichemka. Nilipopona nilienda kwa Shafii, dereva wetu wa Beni, nikamwambia mbele ya wanawake wote kwamba mtungi unaovuja ni mimi, na gari lisimame. Nilitaka lisimame penye misioni, nusu ya safari, ambapo kuna watu, ukuta na vyoo. Wanawake waliangalia miguu yao. Shafii akasema: "Hata bibi yangu Hadjara, mama ya batoto yangu, anauguaka hivyo. Tutasimama, kila safari." Padre wa misioni naye akakubali, mradi vyoo tuvisafishe wenyewe. Tunavisafisha kwa zamu. Sasa madereva wengine wanasimama pia, na kila mwanamke anapanda na chupa yake ya maji. Edmond alisafiri nasi mara moja ili ajionee, na safari iliyofuata alinibebea magunia mwenyewe. Najivunia, Mama, na sioni haya kulisema.

Sasa jambo nililokuficha. Kikopo kile cha Élise kilisema habari mbili. Nina mimba. Baada ya miaka yote ya watu kuuliza, nina mimba. Élise alinionya kwamba ugonjwa ule ukirudi bila kutibiwa unaweza kumleta mtoto kabla ya wakati wake, nami niliogopa kukupa furaha kisha nikunyang'anye. Kila nikienda kliniki ananipima mkojo hata nisipoumwa, na ni safi. Mtoto anacheza hata sasa ninapoandika. Tumbo limekuwa kubwa, kwa hiyo Berthe ndiye anayepeleka viazi, nami nauza hapa. Njia itanisubiri.

Uje umpokee mjukuu wako. Kitsa, aliyekuletea barua hii, ndiye atakayekuleta kwa gari lake. Nimemwambia asimame njiani, Lubero, uende choo, hata ukikataa, kwa maana najua utakataa. Maishani mwako hujawahi kuomba gari lisimame. Nakumbuka pia chai ya majani ya dawa uliyokuwa ukinywa huku umeshika kiuno, ukituambia ni uchovu wa shamba. Élise anakungoja na kikopo chake. Mama, kunywa maji kabla ya kupanda.

Wasalimie wote wa nyumbani, na mbuzi naye. Wasingya, asante, Mama.

Ni mimi binti yako, mtungi unaovuja,

Kanyere