Nyonga Niliyoiita Mguu

Mpendwa Mama Petro,

Pokea salamu kutoka Nakuru. Mko namna gani huko Maragoli? Kikohozi cha Petro kimepungua? Mimi mzima, ila tumbo linakua. Wenzangu wa reli wanasema limepandishwa cheo kabla yangu.

Lakini mama yako ni mgonjwa sana, na kosa langu limo. Jumatatu aliteleza kwenye matope kule Mau Narok, kwa ndugu yako Yona. Mzungu mwenye shamba alimnyima Yona ruhusa ya kumleta, basi Yona akampakia mama kwenye lori la ngano, aje kwangu. Kwangu mimi mkwe, na kwa mila yetu hata mkono hatupeani!

Mama hajui Kiswahili, basi hospitalini nikawa mkalimani. Nilisimama mlangoni nimempa mgongo, naye amejifunika leso mpaka usoni. Dresa, yule msaidizi wa daktari anayefunga vidonda, akacheka, "Nyinyi mmegombana?" Akauliza anaumia wapi. Mama akajibu kwa lugha yetu, kwa sauti ndogo, kwamba ni nyonga. Sasa neno hilo, la mama mkwe, lingetokaje kinywani mwangu? Nikasema, "Mguu." Wakamfunga bandeji kwenye kifundo, tukaondoka. Akalala kwa jirani yetu, Mama Rosa.

Alhamisi asubuhi homa ikapanda, akashindwa hata kugeuka. Wanaume wengine wote wa landi, hizi nyumba zetu za reli, walikuwa kazini. Nikamwinua mimi mwenyewe, nikamlaza kwenye mkokoteni, nikasukuma kwenda hospitali.

"Mkwe, watu wanatutazama!"

"Wanatazama tumbo langu, mama."

Daktari alipouliza, nikaanza tena kumumunya maneno. Mama akaitoa leso usoni. "Mkwe, leo sema vile ninavyosema." Nikasema yote, nyonga, paja, hata habari ya haja ndogo, jasho likinitiririka. Mama hakugeuza uso.

Mfupa wa nyonga umevunjika, na kifua nacho kimeshikwa. Daktari anasema kwa umri wake hawezi kuahidi kitu. Anataka mtu wa kumlisha na kumwosha, na huko mimi siwezi kufika, hata nikijikaza. Panda gari la moshi la kwanza. Petro abaki na bibi yake.

Nisalimie mama yangu, kaka yangu fundi wa mawe, na mwalimu wa kanisa; mwambie atuombee kwa sauti kubwa.

Mama hajanilaumu hata kidogo, afadhali angenilaumu. Nikiingia wodini anauliza neno moja tu: "Amefika?"

Mumeo anayekungoja stesheni,
Baba Petro