Kuanza Upya Mbele ya Watu

Jumamosi, Mafinga. Ukungu umetukalia tangu alfajiri, na sasa ni saa kumi na moja jioni lakini hauna dalili ya kuondoka. Nimevaa makoti mawili. Mke wangu yuko jikoni anamenya viazi, mimi niko sebuleni na simu mkononi, naandika. Siku hizi kuandika ndiko kuongea kwangu.

Kwa mnaosoma hapa kwa mara ya kwanza: mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, huku upande wa Nyololo, mwaka wa kumi na nane sasa. Miezi minne iliyopita nilifanyiwa upasuaji Mbeya kuondoa rovu lililokuwa limeanza kunibana koo. Daktari alinieleza mapema kwamba mshipa wa sauti unapita karibu sana na pale atakapokata, na kwamba kuna watu wachache huamka bila sauti. Nilitia saini. Nani anajihesabu kuwa kati ya wale wachache?

Niliamka nikiwa mmoja wao.

Kilichobaki ni mnong'ono. Nikijitahidi sana mtu wa mita mbili ananisikia, mradi pasiwe na redio.

Baada ya kutoka hospitali tulikaa wiki tatu kwa shemeji yangu, Mbalizi. Siku moja nilitumwa sokoni kununua nyanya. Nikaanza kupatana bei kwa mnong'ono wangu, muuzaji akaangalia kulia na kushoto, akaniinamia na yeye akanong'ona, "Baba, kwani hizi nyanya zina siri gani?" Nilicheka. Nilipofika nyumbani nilijifungia chooni nikalia kama mtoto.

Jana mwalimu mkuu alikuja kunijulia hali. Ni mama mwema, na alikuja na wema wake umekunjwa ndani ya bahasha. Kuna nafasi ya kutunza stoo ya vitabu wilayani. Kazi ya kukaa, kuandika, kupanga. Haihitaji sauti. Fomu ameshaniletea, nijaze, na Jumatatu ama niipeleke wilayani ama nirudi darasani. "Hakuna atakayekulaumu, mwalimu," alisema akiwa ameshika mkono wangu. Usiku huohuo niliijaza yote. Nikaacha sehemu ya saini tu.

Sasa nikiri jambo.

Tangu nikiwa kijana nimesifiwa kwa kuweza vitu vingi. Useremala nilirithi kwa baba, aliyefanya kazi kwenye viwanda vya mbao hapahapa. Kubebesha miche ya parachichi, kuunganisha kikonyo cha mti mmoja kwenye shina la mwingine, nilijifunza kwa kuangalia. Nachora ramani ukutani bila kukopi, nafungua redio iliyokufa ikafufuka. Kwa kwaya ya kanisani kwetu nimekuwa mwalimu miaka kumi na miwili. Baba hakupenda. Alikuwa akiniambia njia mbili zilimshinda fisi, na wewe una sita. Mimi nilimcheka kimoyomoyo. Nilijiona mtu wa kila hali, ambaye ukimtupa popote anasimama.

Miezi hii minne imenionyesha kitu kingine. Vyote hivyo nilivifanya huku nikiongea. Nilitengeneza redio ya mtu nikimpigia hadithi, nilibebesha miche nikiwafokea waliobebesha vibaya. Watu hawakuja kwa mikono yangu peke yake. Walikuja kwa mdomo wangu pia, na mdomo ulipoondoka, mikono ilikaa tu mapajani.

Na kuna kibaya zaidi. Mambo yote ninayoyajua, niliyajifunza mahali ambapo hakuna aliyeniona nikikosea. Nikishindwa kitu mbele ya watu, nakiacha na kushika kingine. Ndivyo nilivyoacha gitaa. Ndivyo nilivyoacha baiskeli, mnaweza kucheka, mpaka leo sijui kuendesha baiskeli. Nilichokiita kipaji cha kubadilika, nusu yake ilikuwa ni kukimbia aibu.

Leo saa nane nilikwenda kanisani kurudisha daftari la nyimbo na ufunguo wa kabati la vyombo. Nilipanga niviweke mezani na kuondoka. Nilitegemea, niseme ukweli, kuwakuta wameduwaa, yatima.

Niliwakuta wanaimba.

Mbele yao alikuwa amesimama Ezekia, kijana niliyemfundisha mwenyewe kusoma nota. Kumbe wamemchagua wiki tatu sasa, na hakuna aliyethubutu kuniambia. Wivu ulinipanda kama kiungulia. Nikaanza kuhesabu makosa yake: anapiga mkono haraka, anasahau sauti ya pili. Aliponiona alisimamisha wimbo, akaja, akanisalimu kwa kuinama kidogo, "Kamwene, mwalimu." Nikampa daftari na ufunguo. Akavipokea kwa mikono miwili, halafu akasema kitu ambacho sikukitegemea.

"Mwalimu, Mama Subi anaumwa mkono. Hatuna mtu wa kayamba leo."

Mimi? Kayamba? Nimesimama mbele ya kayamba miaka kumi na miwili, sijawahi kuitikisa. Niliona kazi hiyo ni ya yule asiyejua kuimba. Mguu wangu mmoja ulishageukia mlangoni. Sijui nini kilinizuia. Labda uchovu tu wa kuondoka.

Nikaichukua.

Nilikuwa ovyo. Wimbo ulikwenda huku, mimi nikaenda kule. Kwenye ubeti wa pili niliendelea kutikisa wakati wenzangu wote wamenyamaza, na kanisa zima likasikia kayamba moja inajitangaza. Akina mama wa sauti ya kwanza wakaanza kutikisika mabega. Mama Subi mwenyewe, na mkono wake umefungwa kanga, akashindwa kujizuia.

"Leo na wewe umeonja, mwalimu!" akasema. "Ulivyokuwa unatupigia meza ile tukichelewa!"

Wakaangua kicheko wote. Na mimi nikacheka, kicheko changu kipya kisicho na mlio, mabega tu. Nilikumbuka jinsi nilivyomsimamisha mama huyu mwaka fulani arudie mstari mmoja mara saba peke yake, watu wakimwangalia. Wiki iliyofuata alirudi. Na wiki iliyofuata tena. Mimi ningerudi? Nisingerudi hata kidogo.

Mara ya tatu nilikaa kwenye mdundo. Mara ya nne nilianza kuufurahia.

Kisha sauti ya nne wakakwama. Ni wanaume sita, na kuna mahali wimbo unashuka ngazi tatu halafu unapanda mbili, wao wakawa wanashuka tu mpaka kisimani. Ezekia aliwaimbia, lakini yeye ni sauti ya tatu, huko chini hafiki. Akanitazama, na mara moja akajuta kunitazama, maana miaka yote mstari ule niliwaimbia mimi. Kanisa zima likanionea huruma.

Nilichukua chaki kwenye kabati, nikapiga magoti, nikachora mistari sakafuni kama watoto wanaochora mchezo wa kuruka. Mistari saba. Nikasimama kwenye wa tano, nikawaonyesha kidole: anzeni. Nikashuka mstari mmoja, wakashuka. Nikashuka mwingine. Niliporudi juu, nilirudi kwa kuruka, na makoti yangu mawili, mtu mzima wa miaka arobaini na mitatu, na wao sauti zao zikaruka na mimi. Tulirudia mpaka jasho likanitoka na baridi yote hii. Mwisho watano waliushika mstari. Wa sita, Baba Zawadi, alipotea, lakini yeye hupotea hata kwenye Amina.

Sikuwa nimejua kama itawezekana. Hilo ndilo nataka nilikumbuke. Sikutoa ujuzi wangu wowote mfukoni. Nilipiga magoti nikiwa sijui, watu wananiangalia, na aibu ilikuwa palepale shingoni kwangu, na nikaendelea.

Nimerudi nyumbani nikamwandikia mke wangu hadithi yote kwenye slati ndogo tunayotumia. Tusekile ni Mnyakyusa, mkulima wa viazi, si mtu wa kubembeleza. Alisoma, akacheka pale kwenye kisima, kisha akaichukua ile fomu juu ya kabati na kuiweka mbele yangu.

"Baba Anna, mimi sikuchagulii. Stoo ni kazi ya heshima. Lakini kama unakwenda kule kwa sababu unawaogopa watoto wa miaka kumi wasikucheke, hapo usinidanganye mimi."

Nikanong'ona, "Naogopa."

"Basi ogopa. Kisha unifundishe mimi kugawanya, nione."

Nikamfundisha, nusu saa nzima, kwa mbegu za maharage na slati na kupiga makofi. Makofi mawili, angalia ubao. Moja, jibu kwa pamoja. Mambo hayakwenda vizuri. Alisema naandika herufi ndogo, nikimgeuzia mgongo hajui afanye nini, na somo la dakika kumi limekula thelathini. Yote ni kweli. Nimeyaandika pembeni. Kesho baada ya ibada tutarudia, na ameahidi kuwa mwanafunzi mtukutu zaidi.

Sijui kama darasa la watoto sitini litamvumilia mwalimu anayepiga makofi. Huenda baada ya muhula nikaona nimeshindwa. Nikishindwa, nitashindwa nikiwa mbele ya ubao, na kila mtu aone. Nina haki ya kushindwa hadharani kama Mama Subi.

Fomu nimeichana vipande vinne. Halafu, kabla moyo haujageuka, nikamtumia mwalimu mkuu ujumbe: "Jumatatu narudi. Naomba Darasa la Nne."

Akajibu upesi: "Mwalimu, la Nne ndilo lenye kelele kuliko yote!"

Nikamwandikia: "Hao hao. Kelele za kutosha wanazo, mimi nitaleta somo."