Noti ya Ukurasa wa Tisa

Jumanne, 8 Julai
Uji, vidonge vitatu, kisha mezani. Miguu imevimba tena. Nimemaliza ukurasa wa nane wa muziki wangu. Daktari kasema moyo umechoka, nisiiwekee Krismasi matumaini. Sawa. Mimi nahesabu kurasa.

Keshokutwa linakuja kundi la Neema: fidla mbili, viola na selo, ile kubwa ya sauti nzito. Walinifuata wenyewe hapa Tandika wakitaka kupiga muziki wa mtunzi wa hapa hapa, aliye hai. Niliuliza selo anapiga nani. Neema akasema ni Mwalimu Gideoni. Nikakubali palepale. Binti wa watu alidhani nimefurahia muziki.

Jumatano, 9 Julai
Jambo hili niliandike mara moja tu, likae.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilitunga wimbo wa kwaya, sauti zote nne, kwa do-re-mi, kwa mkono wangu. Gideoni alikuwa mwalimu wa kwaya. Kabla nakala hazijapigwa alifuta jina langu, akaandika lake. Alisema jina la msichana litatuangusha mashindanoni. Tulishinda. Nakala zikaenda mikoa yote zikiwa na jina lake. Nikangoja arekebishe. Nimengoja miaka hamsini na tano.

Siku ya kumzika mume wangu kwaya ilisimama, ikatangaza: wimbo wa Mwalimu Gideoni. Nilikuwa nimekaa chini, khanga kichwani, nasikiliza wimbo wangu. Na kwangu watauimba huohuo, watatangaza vilevile, nami nitakuwa sandukuni.

Namchukia. Nimekuwa mzee wa kanisa, nimefundisha watoto wa watu, na muda wote namchukia.

Alhamisi, 10 Julai
Wamekuja. Shikamoo bibi, shikamoo bibi. Sebule imejaa masanduku ya vyombo. Gideoni kaingia wa mwisho, kaniita Dada Foibe kana kwamba tuliachana jana.

Mkono wake wa kulia unatetemeka. Kikombe cha chai alikishika kwa mikono miwili. Ndio mkono wa kuvuta upinde wa selo.

Kwenye noti za haraka mtetemo hausikiki. Nimesikiliza vizuri.

Ijumaa, 11 Julai
Ukurasa wa tisa umetoka kwa dakika kumi. Noti moja. Fidla na viola kimya. Selo peke yake, kwa sauti ndogo kabisa, taratibu, mpaka upinde uishe. Noti za haraka huficha mkono mbovu. Hii haifichi chochote.

Tangu enzi za kwaya huwa naandika jina la mwimbaji juu ya sehemu anayobaki peke yake. Nimeandika: Gideoni. Kwa wino.

Nimekula wali vizuri leo. Mkwe wangu kashangaa.

Jumamosi, 19 Julai
Mazoezi. Ukurasa wa tisa upinde ulirukaruka juu ya uzi. Kijana wa viola akacheka: “Babu, hiyo selo umeichomeka kwenye umeme nini?”

Neema akamkata jicho, kisha akanigeukia. “Bibi, hiyo noti tusimpe viola?”

“Hapana.”

“Lakini bibi, babu anaumia.”

“Niacheni,” Gideoni akasema. “Mbona jina langu limeandikwa hapo?”

Vijana walipotoka kupakia vyombo kwenye gari, alibaki akifunga selo yake. Vifungo vilimshinda. Sikumsaidia.

“Dada Foibe, mie nilifuta jina lako. Wewe umeandika langu. Basi yaishe.”

Nilimwambia hayajaisha. Bado watu hawajasikia.

Jumapili, 27 Julai
Ukumbi wa usharika, Kinondoni. Vijana wamenibeba ngazini na kiti changu cha plastiki. Watu wengi, wengine wa kwaya zetu za zamani.

Alipiga. Noti ilitetemeka tangu mwanzo mpaka mwisho. Mtoto akacheka, akafinywa. Mama mmoja nyuma yangu akanong'ona: “Masikini babu wa watu.”

Masikini. Hilo ndilo neno nililolitaka, nikalipata.

Nilifurahi. Naandika hivi nikiwa na akili timamu, asije mtu akasema kwenye jeneza langu kwamba nilijuta mapema. Nilifurahi mpaka nikasikia joto shingoni.

Ila hakukatisha. Angeweza kuinua upinde katikati, hakuna ambaye angemlaumu. Aliuvuta mpaka ncha.

Alhamisi, 31 Julai
Siwezi kulala chali. Pumzi fupi. Furaha imekwisha, hata siku nne haikufika. Hasira ipo palepale, ila haina kazi ya kufanya.

Wimbo wa kwaya bado una jina lake. Hilo sikuligusa. Ningeweza kumwambia atangaze mbele ya ule umati, nami nikachagua kumwona akitetemeka. Kosa langu mwenyewe.

Jumanne, 5 Agosti
Neema kaja na bahasha. Ndani yake wimbo wangu, sauti zote nne, do-re-mi, kwa mkono wa Gideoni. Neema alijitolea kumchapia kwenye kompyuta, akakataa. Kaandika nakala mbili, hii na nyingine ya kwaya. Nyingine ameipeleka mwenyewe, akawasomea kwa sauti kilichoandikwa juu: Umetungwa na Foibe. Jina lake nililifuta mimi, Gideoni.

Herufi zimetapakaa kama sisimizi waliomwagiwa maji. Nimevaa miwani, nimeufuata wimbo wote kwa kidole, soprano mpaka besi. Hakukosea hata noti moja.

Sijamsamehe. Nimekunja karatasi, nimeiweka juu ya gauni langu la kuzikiwa, na mkwe wangu nimemwonyesha ilipo.