Oksijeni ya Mama Rose na Geti la Lavington

Jumatatu, 3 Machi
Ramani tena. Nimeigeuza asubuhi iingie kwenye kifaa cha gari kinachomwelekeza dereva njia, nikadhani nimemaliza. Wapi! Wekesa, dereva wetu, amepiga simu kutoka Lavington. Wenyeji wameweka geti barabarani kwao, asiye na stika arudi alikotoka. Ramani yangu inaonyesha barabara wazi. Nyuma ana mtungi wa Mama Rose wa Kabiria, ambaye bila oksijeni hapumui vizuri. Na Wekesa hawezi kuzunguka tu. Bosi, Jagdish, anatazama gari kwenye skrini dukani kwetu hapa tao, katikati ya jiji, na ukitoka kwenye mstari wa kifaa unaitwa kujieleza. Upuuzi. Mtungi umefika, ila kwa kuchelewa.

Jumanne, 4 Machi
Nimeandika kanuni kwenye programu inayogeuza ramani: penye geti, gari lisipite. Nikageuza ramani upya. Kifaa kikaelekeza kulekule! Programu ya bure, maelezo yake ya kubahatisha. Macho yaniuma.

Baadaye. Kumbe inasoma kanuni kuanzia juu, ikipata ya kwanza inayofaa inaishia hapo. Yangu niliiweka chini kabisa, chini ya ile inayoruhusu barabara zote za mtaa. Haikuwahi kusomwa. Mjinga mimi.

Jumatano, 5 Machi
Kanuni iko juu. Geti linakwepwa. Nikajiona fundi, nikashusha pia kasi ya barabara zote za murram, zile zisizo na lami, maana mvua imeanza. Aki, ningeacha! Kifaa kimempeleka Wekesa hadi Dagoretti kutafuta lami, ili kukwepa murram kidogo tu pale Kabiria.

Mtungi wa nyumbani kwa Mama Rose uliisha Wekesa akiwa njiani. Rose, binti yake, alinipigia. Hakupiga kelele, afadhali angenitukana. "Dada, midomo ya mama imekuwa bluu."

Gari lilifika. Mama yuko hai.

Alhamisi, 6 Machi
Nimemwambia Jagdish leo Wekesa apite anapopajua. Akaniuliza, "Sasa mstari ni wa nini, Awino?" Nikamjibu mstari ni wangu na una makosa. Dereva haitwi ofisini kwa makosa yangu. Kakubali. Leo tu, amesema. Mzee mgumu huyu.

Nimerudisha kasi ya zamani ya murram, safari hii kwa barabara za Kabiria pekee. Nikajaribu njia kwenye kompyuta hadi chai ikapoa. Sijiamini tena.

Ijumaa, 7 Machi
Nimepanda gari na Wekesa, nione mwenyewe. Lavington tumeipita kando. Tukapita mtaa wa Satellite, kisha murram, matope hadi kwenye rimu, kifaa kikatusimamisha mlangoni kwa Rose.

Mama yake alikuwa ameketi kitandani, mtungi wa zamani bado una kidogo. Alitutazama tukiingia na mpya.

"Leo mmekuja kabla sijaanza kuomba."

Nikainamia mtungi, nikajifanya nasoma kipimo.