Tumbo la Mdogo Wetu

Kwako Dada Mkubwa,

Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na shemeji. Sisi tupo, ila siku hizi nyumba nzima inamzunguka mdogo wetu.

Lile tumbo lake tulidhani ni vidonda. Hospitali wakasema kidole tumbo, wakampasua, kumbe ni kifua kikuu kimeingia tumboni. Sasa anameza dawa na analala na mama. Amekuwa yai, habebwi ila kwa mikono miwili. Cheti changu cha shule kilipofika, mama alisema, "Weka kabatini, mwanangu," bila hata kugeuka. Lakini mdogo wetu akimaliza uji, anapigiwa makofi kama yeye ndiye aliyefaulu. Najua kumwonea wivu mgonjwa ni aibu, Dada, lakini nimwambie nani?

Daktari anasema huenda ni yale maziwa mabichi ya bandani kwa babu. Tulikuwa tukiyanywa pamoja, mimi na yeye, yakiwa bado na povu.

Na mimi tumbo linaniuma, Dada. Jioni homa inanipanda, na sketi zangu zinanipwaya. Nilimdokeza mama, akacheka: "Na wewe unataka kudekezwa? Jitu zima." Nikanyamaza, maana kudekezwa nataka kweli, na niliogopa ameniona moyoni.

Tafadhali mpigie mama simu leo. Ukisema wewe, hataita wivu.

Ni mimi mdogo wako, yule wa katikati.