Sifa Niliyompa Nahodha

Nduyangu Swaleh,

Kalamu hii naishika kwa shida, na wewe wajua kwa nini. Masomo yangu yaliishia darasa la tano, ingawa wanaoniuliza huwaambia mwalimu mkuu mwenyewe alinisihi nipumzike, maana nilikwisha kumaliza vitabu vya shule nzima. Hapo ungecheka, kile kicheko chako cha puani.

Barazani kwetu Mji wa Kale hakuna aliyekaa mahali pako. Wanapakwepa kama pameloa.

Swaleh, nimekukosea. Miaka yote ukitoka kazini, kwenye ghala la chai kule Shimanzi, wanipitia na kitu mkononi. Chupa ya chai, yangu ilipovunjika. Chungio la matundu madogo, kwa kuwa uliniona nikitema majani. Sukari iliponipanda ukaleta mdalasini na iliki, ukasema, "Tia hivi, Kassim, sukari hutaikumbuka." Na mkono huu ulipoanza kutetemeka, ukaja na kikombe kizito, mshikio waingia vidole vinne. Hukuniuliza kitu. Ulisema tu, "Kilikuwa cha mwisho dukani."

Nami nikaiambia baraza nzima kuwa ni zawadi za nahodha wa Kolombo, niliyemwokoa majini huku papa amening'ang'ania kiatu. Nawe ulikuwapo! Wakakuuliza, ukajibu, "Papa huyo hata mimi namjua." Ukanywa chai yako.

Sasa sikia. Kwenye matanga yako mtu alisema, tena binti yako Mwanaidi yuko pale asikia: "Alikuwa mtu mwema, ila mkono wa birika. Nani hapa aliwahi kupata chake?"

Mwanaidi akainamisha kichwa. Na mimi, mwenye maneno ya kujaza meli tatu, nikakosa neno moja. Ningelisema, wangelijua habari ya mkono wangu. Nikaona haya. Wallahi, nikaona haya, nikakuacha ulale kaburini na jina la ubahili.

Jana baada ya Alasiri nilisimama barazani nikasema yote. Hakuna nahodha. Ni Swaleh. Wakacheka mpaka wakajifuta macho. "Ami Kassim, hata marehemu humwachi? Leo Swaleh ndiye nahodha, kesho atakuwa papa!" Nikaapa. Wakazidi.

Nikaenda Bondeni kwa Mwanaidi. Nikamnyooshea mkono auone unavyotetemeka, nikamweleza. Yeye aliniamini. Kisha akaniuliza, "Mbona hukusema siku ile, Ami?"

Nikaurudisha mkono kanzuni, Swaleh.

Pumzika, nduyangu. Mola akupanulie hapo ulipo. Leo narudi barazani kusema tena, na kesho, na kesho kutwa. Nitasema mpaka apatikane mmoja asiyecheka.

Ni mimi,
Kassim